Mohamed Amin, kamera iliyozaa tamasha

WAFUGAJI wa Garissa na Wajir wanajua kuwa kilio cha njaa huchelewa kusikika. Ndivyo ilivyokuwa Ethiopia mwaka 1984: tahadhari zilitolewa, dunia ikanyamaza.

Oktoba mwaka huo, Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alifika Korem na kamera yake. Picha zake zilipoonyeshwa na BBC, mwanamuziki Bob Geldof aliguswa, akawakusanya wenzake kurekodi wimbo wa msaada. Julai 13, 1985, tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia.

Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa. Alirejea kazini na mkono wa bandia, hadi Novemba 23, 1996, alipofariki katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini, Comoro.