Alcide De Gasperi: Mwamini Mlei Aliyeshinda Uchaguzi na Kugawana Madaraka

Mtumishi wa Mungu Alcide De Gasperi alizaliwa tarehe 3 Aprili 1881 huko Pieve Tesino, katika eneo la Trento, lililokuwa wakati ule chini ya Dola ya Austria. Mwaka 1911 alichaguliwa kuwa mbunge mjini Vienna. Eneo hilo lilipounganishwa na Italia, alijiunga na Chama cha Watu wa Italia, kilichoanzishwa mwaka 1919 na Padre Luigi Sturzo. Utawala wa Mussolini ulivifuta vyama vya upinzani, na mwaka 1927 De Gasperi akakamatwa na kufungwa. Baada ya kuachiwa, alipata kazi katika Maktaba ya Vatikano, akaitunza familia yake kwa kipato kidogo.

Desemba 1945 akawa Waziri Mkuu. Katika mfumo wa kibunge, waziri mkuu hutegemea imani ya wabunge walio wengi; imani hiyo ikiondolewa, serikali huanguka. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Aprili 1948, Chama cha Demokrasia ya Kikristo kilipata zaidi ya asilimia 48 ya kura na viti 305 kati ya 574 vya Baraza la Wabunge. Kwa wingi huo, wengi walitazamia kitawale peke yake. Yeye aliunda serikali ya muungano pamoja na Waliberali, chama cha Jamhuri na Wasoshalisti wa mrengo wa wastani, kwa kuwa hakutaka taifa ligawanyike kati ya waamini na wasioamini.

Msimamo huo ulimgharimu. Mwaka 1952, kabla ya uchaguzi wa Manispaa ya Roma, baadhi ya viongozi wa Kanisa walitaka Wakatoliki waungane na vyama vya mrengo wa kulia, wakiwemo wafuasi wa ufashisti wa zamani, ili kuwazuia Wakomunisti. De Gasperi alikataa. Mwaka huohuo aliomba kukutana na Papa Pio XII pamoja na familia yake, katika kumbukumbu ya miaka 30 ya ndoa na nadhiri za daima za binti yake mtawa. Hakukubaliwa. Aliumia moyoni, lakini hakuliacha Kanisa wala hakubadili uamuzi wake.

Mwaka 1953 muungano wake ulikosa nusu ya kura zote kwa pengo lisilofikia kura 60,000. Mwezi Julai, Bunge likainyima imani serikali yake mpya, naye akaondoka madarakani kwa amani. Alifariki dunia tarehe 19 Agosti 1954, akazikwa katika Basilika la Mtakatifu Laurenti, Roma.

Maisha yake yanawakumbusha waamini walei kwamba mpinzani wa kisiasa ni jirani, na kwamba chama ni chombo cha kutafuta mafao ya wengi. Anayeingia katika siasa na ajiulize kama yuko tayari kushinda bila kuwadharau walioshindwa, na kushindwa bila kuwachukia walioshinda.