Mwalimu wa Kemia Aliyekuwa Waziri Mkuu: Maisha ya Marehemu Agathe Uwilingiyimana (1953–1994)



Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Rwanda huanza kipindi cha kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kamati imetuomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu mmoja aliyeuawa siku hiyo ya kwanza. Tumemchagua marehemu Agathe Uwilingiyimana, na sababu yetu tuliipata Kagugu.

Baadhi yetu tulikwenda Kagugu, mjini Kigali, kuzungumza na akina mama wakimbizi wanaoishi huko kuhusu ukatili wa majumbani. Mama mmoja alituuliza: je, mwanamke anayetukanwa tu, bila kupigwa, naye aende kushtaki, au angoje mpaka apigwe? Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Maisha ya mwalimu huyu yanalo.

Agathe alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, katika mkoa wa Butare, kusini mwa Rwanda. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida. Alipokuwa bado mtoto mchanga walihamia Kongo ya Wabelgiji kutafuta kazi, wakarudi Butare mwaka 1957. Kwa hiyo naye aliyajua maisha ya mtoto anayelelewa mbali na nyumbani, kama wengi wa watoto wetu.

Alisoma katika shule ya wasichana ya Notre Dame de Cîteaux mjini Kigali, akawa mwalimu. Mwaka 1976 aliolewa na Ignace Barahira, wakajaliwa watoto watano. Hakuacha masomo kwa sababu ya ndoa wala uzazi. Alipata shahada ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare mwaka 1985, akaendelea kufundisha sayansi. Walikuwapo waliomlaumu kwa kuwavuta wasichana kwenye hesabu na kemia, masomo yaliyohesabiwa kuwa ya wavulana. Hakujali. Mwaka 1986 aliwaunganisha wafanyakazi wenzake katika ushirika wa akiba na mikopo.

Tukumbuke hali ya mwanamke wakati ule. Kwa sheria, mume ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba. Kwa desturi, binti hakurithi shamba la baba yake. Hata hivyo wanawake walikuwa wameanza kujipanga. Réseau des Femmes iliundwa mwaka 1986, na Haguruka, chama cha kutetea haki za wanawake na watoto, mwaka 1991. Mwaka 1992 vyama kadhaa viliungana chini ya Pro-Femmes Twese Hamwe. Agathe alipanda katika uongozi wa nchi miaka hiyo hiyo.

Mwaka 1989 alihamia Kigali kuwa mkurugenzi katika Wizara ya Biashara. Vyama vingi viliporuhusiwa alijiunga na chama cha MDR, na Aprili 1992 akateuliwa Waziri wa Elimu ya Msingi na Sekondari. Hapo alifanya jambo ambalo kila mwalimu atalielewa. Kwa miaka mingi nafasi za sekondari zilikuwa zikigawanywa kwa kuangalia kabila la mtoto na mkoa anakotoka. Agathe aliufuta utaratibu huo na kuagiza nafasi zitolewe kwa kufuata alama za mtihani. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, lakini hakutaka mtoto wa Mtutsi afungiwe mlango kwa ajili ya kuzaliwa kwake.

Maadui wake hawakungoja. Mwezi Mei 1992 watu wapatao 20 wenye silaha walivamia nyumba yake wakampiga. Hakujiuzulu.

Tarehe 18 Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza nchini Rwanda kushika cheo hicho. Siku chache kabla, jirani yetu Burundi nayo ilikuwa imempata Waziri Mkuu mwanamke, Mama Sylvie Kinigi. Lakini chama cha Agathe kilimfukuza uanachama, na Mapatano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993 yalimtaja mwingine kuongoza serikali ya mpito. Serikali hiyo ilicheleweshwa mwezi baada ya mwezi, naye akabaki kuushika usukani.

Katika miezi hiyo matusi yalizidi. Gazeti la Kangura na redio RTLM havikushindana naye kwa hoja. Vilimdhalilisha kwa mwili wake, kwa michoro na maneno ya aibu ambayo hatuwezi kuyarudia hapa. Watu wengi walicheka, wakaona ni mzaha wa siasa tu.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa. Agathe ndiye aliyebaki kuwa mkuu wa serikali, naye alitaka kwenda Redio Rwanda asubuhi kuwatuliza wananchi. Umoja wa Mataifa ulituma askari 10 wa Ubelgiji wamsindikize. Hakufika redioni. Wanajeshi waliizingira nyumba yake huko Kiyovu, na yeye na mumewe wakakimbilia kwa majirani. Walijitoa kwa wauaji, na watoto wao waliokuwa wamejificha hawakugunduliwa. Wote wawili waliuawa, na hata mwili wa Agathe haukuachiwa heshima yake. Alikuwa na umri wa miaka 40. Wale Wabelgiji 10 nao waliuawa siku hiyo. Watoto waliokolewa na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye naye alifariki Kigali tarehe 31 Mei mwaka huo akiwa kazini.

Tusiishie kwenye kifo. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Arusha, katika kesi ya Akayesu, iliamua kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwaka 1999 sheria ya Rwanda ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, na mwaka 2008 ikapitishwa sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia. Agathe amewekwa katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. FAWE, jumuiya ya Afrika inayotetea elimu ya wasichana, ilitoa tuzo kwa jina lake, na shule yake ya wasichana iko Gisozi, si mbali na Kagugu, ambako sayansi hufundishwa bila mtu kuuliza kama ni kazi ya kike.

Sasa tumjibu yule mama wa Kagugu. Agathe alianza kwa kulaumiwa, akapigwa, akatukanwa hadharani, mwisho akauawa. Ilikuwa njia moja, na waliocheka matusi waliisafisha. Kwa hiyo, mama, usingoje. Nenda siku ya tusi la kwanza. Kigali kuna kituo cha Isange, kilichofunguliwa katika hospitali ya Kacyiru mwaka 2009, na huduma zake ni za bure. Hapa kambini, milango ya kamati na ya walimu iko wazi. Na sisi wanaume tunaosikia tusi na kunyamaza, tujue kwamba nasi tumo.

Darasani kwetu wasichana hujaa darasa la kwanza, lakini madarasa ya juu twawahesabu kwa vidole. Kila anayebaki na daftari lake la kemia anamwenzi mwalimu huyu kuliko maua yetu.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.