Mzee Kitereza wa Ukerewe

Wapenzi wa riwaya za mapenzi zenye kumweka mtu roho juu wasihangaike kuzitafuta mbali. Kule ziwani, kisiwani Ukerewe, alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya, Bukoba, akajifunza Kilatini na Kijerumani, ila hakufikia upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao walifariki wangali wadogo. Nasi twajua ndugu wanavyomsonga mume wa namna hiyo aoe mwingine! Yeye, katekista wa Kikatoliki, alibaki na Anna wake.

Basi riwaya aliyoiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao kwa ajili ya masimango ya ukweni. Myombekere anawafuata kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, na msomaji hana hakika kama atarudi naye. Ni mambo ya kale, kabla ya wamisheni, na waganga wamo. Tusishtuke, Mzee hakutaka desturi za babu zake zisahauliwe.

Miaka mingi kazi hiyo haikupata mchapaji. Uzeeni aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaichapa. Alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.