Mbaraka Mwinshehe na swali la mwanafunzi wangu

Kwa muda wa miaka mingi nimewasimulia wanafunzi wangu maisha ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka huku nikiruka sehemu moja. Nilikuwa nikiwaeleza habari za Morogoro, za gitaa lake, za safari ya Japani na za mauti yaliyomkuta Mombasa, lakini sikuwaambia kwamba aliacha masomo ya sekondari kabla ya kuyamaliza. Mwalimu yeyote aliyefundisha pande hizi za Nakalale, na katika shule zilizo kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kakuma, ataielewa sababu yangu. Ukame ukizidi mifugo huhamishwa, na vijana huifuata. Karo ikikosekana mtoto hukaa nyumbani. Msichana naye huposwa angali na daftari mkononi. Katika hali hiyo, nani atapenda kuwatajia watoto mtu aliyeipa shule kisogo kisha akavuma nchi nzima?

Muhula uliopita siri yangu ilifichuka. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye sauti njema na aliyejifunza gitaa kwa wanamuziki wa Kikongo walioko katika kambi ya Kakuma, alisimama darasani akaniuliza kwa adabu ikiwa ni kweli Mbaraka hakumaliza shule. Nilipokiri, aliuliza la pili: kwa nini basi ninamzuia yeye? Darasa zima lilinikazia macho. Nilimwomba muda nifikiri, jambo ambalo sisi walimu hatulipendi hata kidogo. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomjibu baadaye.

Mbaraka alizaliwa Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Kwa sadfa, mwaka uo huo ndio ilipoundwa Morogoro Jazz Band, bendi ambayo jina lake na la Mbaraka yangekuja kutajwa kwa pumzi moja. Morogoro ni mji ulio chini ya milima ya Uluguru, umbali wa kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam. Reli ilipita hapo, na mashamba ya mkonge yaliuzunguka mji. Mkonge uliwaleta vibarua kutoka kila pembe, watu wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na ambao mwisho wa mwezi walikuwa na senti za kulipia dansi. Ndiyo maana mji mdogo kama ule uliweza kulea bendi mbili kubwa zilizoshindana: Morogoro Jazz kwa upande mmoja, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah kwa upande wa pili. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, na Juma Kilaza akashika nafasi yake. Katikati ya miaka hiyo ya 60 ndipo Mbaraka alipoingia Morogoro Jazz.

Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Kijana huyu alipotoka darasani hakuingia jangwani. Aliingia katika chuo kingine, chenye walimu wakali zaidi yangu mimi: wapiga muziki waliomtangulia, wapinzani wa mtaa wa pili waliongoja akosee, na wacheza dansi waliokuwa wamelipa kiingilio. Humo akawa mpiga gitaa la solo, akawa mwimbaji na mtunzi, na baada ya miaka michache akawa kiongozi.

Kiswahili chake ndicho kilichonifanya nimpeleke darasani tangu awali. Majina ya nyimbo zake peke yake yanatosha kuwa somo: Pesa No. 1, Mtaa wa Saba, Mashemeji Wangapi, Jogoo la Shamba. Ni maneno ya kijiweni na ya wahenga yaliyotiwa nyuzi. Matamshi yake ni safi kiasi kwamba mtoto wa Kiturkana anayejifunza lugha hii kama lugha ya pili anaweza kuandika anachosikia bila kubahatisha. Wapo wasomi wenye shahada ambao sentensi zao haziwezi kustahimili mtihani huo. Tena hakuimba mapenzi tu. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alipopigwa risasi na mkulima katika mgogoro uliotokana na siasa ya ujamaa, Mbaraka alimtungia wimbo. Kisa hicho kina pande mbili, na mwalimu wa historia anaweza kukifundisha juma zima.

Mwaka 1970 bendi yake ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia, na kutokana na safari hiyo tukapata wimbo uitwao Expo 70. Mwaka 1973 akaiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Hapa wanafunzi hushangilia, nami huwatuliza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi za Tanzania zilikuwa chini ya vyama na mashirika ya umma. NUTA, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa kila moja lilikuwa na yake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, lakini mshahara ulikuwapo. Mtu aliyejitenga akaanzisha bendi yake alijitwika mzigo wa vyombo, wa usafiri na wa matumbo ya wenzake. Haikumbidi kupiga vizuri tu, ilimbidi asafiri.

Safari zenyewe zilimleta kwetu Kenya. Radio Tanzania ilirekodi bendi na kuzipiga hewani, lakini viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na mwanamuziki aliyetaka wimbo wake ununuliwe dukani sharti avuke mpaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Hata hivyo, Januari 1979, wakati majeshi ya nchi yake yalipokuwa vitani na Idi Amin, Mbaraka alikuwa huku Kenya na bendi yake. Akafa mjini Mombasa kwa ajali ya gari, kama Salum Abdallah kabla yake. Alikuwa na umri wa miaka 34. Baadaye kampuni ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, zikaendelea kuuzwa.

Mimi nilimsikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari kaburini. Ulikuwa wakati wa ule ukame wa 1980 ambao wazee wetu waliuita Lopiar, uliofagia ng'ombe, mbuzi na ngamia. Nilikuwa mtoto, nimesimama mlangoni mwa duka moja la Lodwar, na redio ikapiga wimbo wa Shida. Kiswahili changu kilikuwa haba, lakini neno hilo nililijua. Nilidhani mtu yule aliye redioni amefika Turkana.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Sikumwambia kwamba Mbaraka angeimba vizuri zaidi kama angekuwa na cheti, kwa sababu siamini hivyo. Wala sikumwambia kwamba kipaji bila shule ni bure. Babu zake waliwatungia maksai wao nyimbo zinazokumbukwa hadi leo, na hawakuwahi kushika kalamu. Nilimwambia atazame mlango ambao Mbaraka aliutokea, na kilichokuwa nje ya mlango huo. Nje kulikuwa na bendi mbili kubwa, vibarua wenye ujira, redio ya taifa, na miaka mingi ya kujifunza chini ya wakubwa. Kisha nikamwomba anitajie kilichoko nje ya mlango wa shule yetu. Alifikiri, akataja kambi, barabara ya lami na magitaa mawili ya watu wengine.

Nikaongeza la mikataba: wanamuziki wengi wa zama zile walilipwa mara moja tu kwa kazi iliyouzwa miaka mingi, na karatasi za namna hiyo husomwa kwa Kiingereza, somo ambalo yeye hulitoroka.

Hakunijibu. Bado yumo darasani, na karo ya muhula huu bado haijatimia. Jumamosi huenda Kakuma kuazima gitaa, na Jumapili jioni hulirudisha. Nimemwomba mkuu wa shule aniruhusu nitafute gitaa moja lilale katika ofisi ya walimu. Hajanipa jibu.