Ernest Hemingway: Mvuvi aliyenyang'anywa samaki na papa, hadithi ikampa Nobel

Wengi wanamjua Ernest Hemingway kwa vitabu, na huku Afrika Mashariki hasa kwa ile hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro. Wasichojua wengi ni kwamba jamaa alimaliza sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya boti, akipigana na samaki wazito kuliko yeye. Kitabu kilichompandisha juu kabisa kilitoka huko huko baharini.

Alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari, mtu wa dini na mkali kwelikweli, ila akifika porini au ziwani anakuwa mtu mwingine. Kila kiangazi familia ilihamia kwenye nyumba yao ya ziwani Michigan, na huko Ernest alifundishwa kushika mshipi angali mdogo.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Italia kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu. Julai 1918, akiwa hajatimiza hata miaka 19, alilipukiwa na bomu na kuumia vibaya miguu. Baadaye akaishi Paris, akafanya kazi ya uandishi wa habari, akatoa riwaya iliyomtambulisha mwaka 1926. Ndoa yake ya kwanza ikavunjika.

Gari lililochelewa

Key West alifika kwa bahati tu. Aprili 1928 yeye na mke wake wa pili, Pauline Pfeiffer, walishuka kwenye kisiwa hicho kidogo, mwisho kabisa wa Florida kusini, kuchukua gari jipya la Ford. Gari hilo lilikuwa zawadi ya Gus, ndugu wa baba yake Pauline. Walipofika, gari halipo. Ikabidi wasubiri.

Asubuhi alikuwa anaandika, mchana anazurura gatini. Huko akafahamiana na Charles Thompson, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na uvuvi, na ambaye akitoka kazini hakuwa na hamu nyingine zaidi ya kuvua. Thompson akampakia kwenye boti yake. Hapo ndipo Hemingway alipokutana na taponi.

Taponi ni samaki wa fedha tupu, magamba yake makubwa kama visosi, na mkubwa wake hupita mita 2 na kilo 100. Anapenda maji ya uvuguvugu ya pwani, kwenye mikondo na chini ya madaraja, na huja juu kumeza hewa kama mtu. (Bahari ya Hindi nayo ina ndugu yake, ila huyo ni mdogo.) Mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoana inashika kwa shida. Akishaumwa na ndoana anaruka juu ya maji mwili mzima, anatikisa kichwa, na mara nyingi ndoana inatoka. Nyama yake ina miiba kibao, na Wamarekani hawana habari nayo.

Sasa utauliza, unamvua wa nini? Jibu ni hilo pambano lenyewe. Kwa mtu aliyezoea samaki wa mitoni wanaoenea kiganjani, ilikuwa kama kutoka kwenye baiskeli na kupanda treni. Gari lilipofika waliondoka, lakini Key West ilikuwa imeshamshika.

Desemba mwaka huo huo baba yake alijiua kwa bastola, akiwa amezongwa na maradhi na madeni. Ernest alikuwa na miaka 29. Jambo hilo halikumtoka hadi mwisho wake mwenyewe.

Kutoka Malindi hadi Brooklyn

Mwaka 1931 ndugu huyo huyo wa baba yake Pauline aliwanunulia nyumba Key West. Mwaka uliofuata Joe Russell, mwenye baa aliyekuwa akivusha pombe ya magendo kutoka Cuba, alimpeleka Havana kwa safari ya wiki mbili. Ikawa miezi miwili. Huko shabaha haikuwa tena taponi, ilikuwa nduaro, yule wa mdomo mrefu kama mkuki anayepita kwenye mkondo wa Ghuba. Mvuvi wa Cuba, Carlos Gutiérrez, ndiye aliyemfundisha kina cha kushusha chambo na muda wa kumwacha samaki ameze kabla ya kumkaza.

Desemba 1933 alishuka Mombasa na Pauline na Thompson kwa safari ya kuwinda, wakiongozwa na Philip Percival. Serengeti ikampa kuhara damu, akasafirishwa kwa ndege ndogo hadi Nairobi, akapita karibu na Kilimanjaro akiwa hoi. Baada ya kuwinda walimalizia Malindi wakivua samaki wa bahari kuu.

Aliporudi Marekani Aprili 1934 alikwenda moja kwa moja Brooklyn, kwenye kiwanda cha boti cha Wheeler, na kuagiza boti ya karibu mita 12. Bei yake ilikuwa dola 7,495. Hakuwa nazo zote. Mhariri wa jarida la Esquire alimkopesha dola 3,000 kwa makala ambazo alikuwa hajaziandika bado. Boti akaiita Pilar.

Papa na bunduki ya rashasha

Aprili 1935 aliielekeza Pilar Bimini, visiwa vya Bahama. Kabla hata hajafika, wakanasa papa. Hemingway akamshika kwa kulabu mkono mmoja, mkono mwingine bastola. Papa akajipinda, bastola ikalia, risasi ikagonga ubavu wa boti na vipande vyake vikamwingia miguu yote miwili. Wakageuza kurudi Key West kwa daktari. Baada ya siku chache alikuwa njiani tena, bandeji zikiwa bado miguuni.

Shida ya Bimini ilikuwa papa. Jodari wakubwa walikuwepo tele, lakini mvuvi akimchosha samaki kwa saa kadhaa, papa wanamaliza kazi kabla hajapandishwa. Unavuta kichwa tu. Hemingway akaamua kwamba usimwache samaki apumue hata kidogo, umvute mfululizo hata mgongo ukivunjika. Mwezi Mei alifanikiwa kumleta jodari mzima asiyeguswa, jambo ambalo wavuvi wa pale walikuwa wamekata tamaa nalo.

Lakini pia alikuwa na bunduki ya rashasha ndani ya boti, na hapo ndipo alipoharibu urafiki.

Rafiki yake Henry Strater, mchoraji, alinasa nduaro mkubwa ajabu. Alimvuta mpaka karibu na boti. Papa walipojitokeza, Hemingway akawafyatulia risasi. Damu ya papa ikaita papa wengine, bahari ikachafuka, na samaki alipopandishwa nusu ya nyuma ilikuwa imeliwa mpaka mfupa. Kilichobaki tu kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 220. Kibaya zaidi, kwenye picha iliyopigwa gatini Hemingway alisimama jirani na samaki, na watu wakadhani ni wake. Strater alibaki na kinyongo kwa miaka mingi, na kwa kweli ni vigumu kumlaumu.

Septemba 2 mwaka huo kimbunga kilivipiga visiwa vya Florida na kuua watu zaidi ya 400, wengi wao wanajeshi wa zamani waliokuwa wakijenga barabara na kulala kwenye mabanda. Hemingway alikuwa miongoni mwa waliofika mapema na misaada, akakuta maiti kwenye mikoko ya maji yale yale aliyokuwa akivulia. Aliandika makala kali akihoji kwa nini serikali iliwaacha pale msimu wa vimbunga.

Kisa cha mzee

Aprili 1936, kwenye makala ya Esquire, alitia aya chache tu kuhusu mzee mmoja mvuvi wa Cuba aliyenasa nduaro peke yake kwenye mtumbwi, akaburutwa mbali baharini, akamuua, kisha papa wakamla samaki akiwa amefungwa ubavuni. Kisa alikisikia kwa Carlos. Alikaa nacho miaka 15.

Katikati alimwacha Pauline, akahamia Cuba kwenye shamba la Finca Vigía nje ya Havana, akaoa mara mbili zaidi. Pilar ilikuwa ikitia nanga Cojímar, kijiji cha wavuvi, chini ya Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Canary. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliigeuza boti kuwa ya doria, akizunguka na maguruneti akitafuta nyambizi za Wajerumani. Hakuzamisha hata moja.

Kufikia 1950 wahakiki walikuwa wanasema amekwisha. Riwaya yake ya mwaka huo ilichanwachanwa. Ndipo akarudi kwa yule mzee na papa wake. The Old Man and the Sea ilitoka nzima kwenye jarida la Life la Septemba 1, 1952, na nakala zaidi ya milioni 5 zikaisha ndani ya siku mbili. Mwaka 1953 akapata Pulitzer.

Shimoni, akiwa mgonjwa

Januari 1954 alikuwa Uganda na mke wake wa nne, Mary. Ndege yao iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison. Kesho yake ndege iliyokuja kuwachukua ikawaka moto Butiaba ikijaribu kuruka. Magazeti duniani yakatangaza amekufa. Alitoka hai, lakini fuvu lilipasuka, ini na figo zikaumia, na mgongo pia.

Mtu mwingine angelala hospitali. Yeye alikwenda Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kwenye kambi ya uvuvi iliyokuwa imeshapangwa. Hakuwa na nguvu za kuvua. Moto wa nyika ulipozuka jirani akataka kusaidia kuuzima, akaangukia humo na kuungua. Oktoba mwaka huo akapewa Nobel, na hakuwa na afya ya kusafiri hadi Stockholm kuipokea.

Mwanawe Patrick yeye alibaki huku, akaishi Tanganyika na baadaye Tanzania miaka mingi, na kufundisha chuo cha wanyamapori Mweka.

Mwaka 1956 Hemingway alikwenda Cabo Blanco, Peru, kutafuta nduaro mkubwa wa kupigwa picha kwa ajili ya filamu ya kitabu chake. Mei 1960 alikabidhi kombe la mashindano ya uvuvi ya Havana, yenye jina lake, kwa mshindi wa mwaka huo: Fidel Castro. Miezi miwili baadaye aliondoka Cuba na hakurudi tena. Kumbukumbu zilikuwa zinampotea, hofu zimemjaa, na matibabu ya mshtuko wa umeme aliyopewa hospitali hayakumponya. Asubuhi ya Julai 2, 1961, nyumbani Ketchum, Idaho, alijipiga risasi.

Pilar aliachiwa Fuentes, naye akaikabidhi kwa serikali ya Cuba. Leo iko nchi kavu, Finca Vigía. Kule Cojímar wavuvi walitaka sanamu ya rafiki yao lakini shaba haikuwepo, basi wakang'oa panga za injini na vyuma vya boti zao, vikayeyushwa.