Robert Bosch: Jina Nililolisoma Nyakoe

Nina Golf ya zamani, ndogo, ambayo nimekuwa nikiilea kama mtoto yatima. Safari hii ilinigomea Nyakoe, katika barabara itokayo Kisii kuelekea Kisumu, mvua ya jioni imekwisha kuanza. Injini ilikuwa ikitetemeka kama mwenye homa. Kijana mmoja fundi aliniamkia shikamoo mzee, kisha akaweka ncha ya bisibisi juu ya nozo za petroli, moja baada ya moja, na sikio lake kwenye mpini. Tatu zilikuwa zikigonga kama saa. Ya nne ilikuwa bubu.

Alipoing'oa aliguna. Tatu zilikuwa na namba moja, ianzayo kwa 0 280 150. Ya nne ilianza vivyo hivyo, lakini tarakimu za mwisho zilikuwa nyingine. Fundi wa huko nyuma, ambaye simtaji, alinipachikia ya gari jingine kwa kuwa ilienea tunduni! Kijana akanifahamisha kwamba nozo mbili huweza kufanana umbo, na hata plagi ya waya ikaingia, ilhali moja yamwaga petroli zaidi ya mwenziwe. Na ukinzani wa umeme nao hutofautiana, hii ohmu 15 hivi, ile 2 au 3 tu. Kwa hiyo hutazamwa namba, si sura. Akanionyesha pia ringi za mpira zilizokauka na kupasuka. Petroli ikivuja hapo juu ya injini ya moto, gari huwaka na waliomo. Nilinyamaza, maana nilikuwa nimewabeba wajukuu ndani ya gari hilo wiki iliyotangulia.

Nozo iliyofaa ilibidi ingojwe hadi kesho yake. Usiku ule, ile mbovu mkononi, nilisoma jina lililopigwa chapa ubavuni: Bosch. Jina hili tumelizoea kwenye plagi na pampu, na aghalabu hatuulizi kama lilikuwa la mtu.

Lilikuwa la mtu. Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na Ulm, Ujerumani, mtoto wa 11 kati ya 12. Babake alikuwa mkulima na mwenye nyumba ya wageni. Kijana alisomea ufundi wa vyombo vya usahihi, akaenda Marekani mwaka 1884 kufanya kazi katika karakana za Edison, kisha Uingereza, na tarehe 15 Novemba 1886 akafungua karakana yake mjini Stuttgart, na fundi mmoja na mtumishi wa kutumwa. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki. Kilichomtoa ni magneto, kile chombo cha kutoa cheche ya kuwashia injini, ambacho mwaka 1897 kilifungwa kwa mara ya kwanza kwenye chombo cha barabarani.

Alikuwa mkali, mwenye kuchukia ubadhirifu hata wa kibanio cha karatasi. Walakini mwaka 1906 aliwapa wafanyakazi wake siku ya saa 8, jambo ambalo matajiri wengi wa zama zake waliliona wazimu. Alishikilia kwamba afadhali kupoteza fedha kuliko kupoteza imani ya mnunuzi. Sisi wa pwani twaijua amana ni nini, na kwa hilo nilimpenda.

Mwaka 1921 mwanawe wa kiume alifariki kwa maradhi ya muda mrefu. Mwaka uliofuata Bosch aliamua kampuni itengeneze pampu za kusukumia mafuta ya dizeli, kazi inayodai vyuma vikaribiane kwa vipimo vya elfu moja ya milimita, na mwaka 1927 zikaanza kutoka kwa wingi.

Hapa kisa kinakuwa kizito, wala sitaki kukipaka asali. Upigaji petroli kwa pampu ndani ya injini ulikomaa katika ndege za kivita za Ujerumani, na Bosch ilikuwa mtengenezaji. Mzee mwenyewe hakumpenda Hitler. Yeye na wasaidizi wake waliwasaidia Mayahudi waliokuwa wakiteswa. Lakini viwanda vyake vilimtumikia Hitler huyo huyo, na watu kwa maelfu walifanyizwa kazi humo kwa nguvu. Alifariki tarehe 12 Machi 1942, na serikali aliyoichukia ikamzika kwa heshima za taifa. Kwangu mimi, hesabu hizi mbili hazifutani.

Hakuiona petroli ikipigwa kwa nozo katika gari dogo la raia. Hilo lilikuja mwaka 1951, katika Gutbrod Superior ya silinda 2. Na mwaka 1967 Volkswagen 1600 ikapata nozo zinazoamriwa kwa umeme, ambazo zangu ni wajukuu zake.

Asubuhi nozo ililetwa kutoka mjini Kisii. Fundi aliilinganisha namba na zile tatu, akazisafisha zote kwa dawa bila kuzichokora kwa waya, maana tundu likikwaruzwa mnyunyizo huharibika. Akatia ringi mpya zilizopakwa oili kidogo, na filta mpya ya petroli. Kisha akaniambia niwashe, naye akainama tena na bisibisi yake. Safari hii alisikiliza zote nne kwa kitambo, halafu akafunga boneti.