Plinius Mzee, Mkuu wa Manowari Aliyeuendea Mlima wa Moto

Katika masomo ya historia tunasoma habari za majemadari wengi waliosifiwa kwa ajili ya miji waliyoiteka. Mimi nimependa kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu habari za mkuu mmoja wa manowari ambaye anakumbukwa kwa sababu alizitoa merikebu za vita kwenda kuokoa watu. Jina lake ni Gaius Plinius Secundus. Huitwa Plinius Mzee, ili asichanganywe na mpwa wake, Plinius Kijana.

Plinius alizaliwa kama mwaka 23 baada ya Kristo katika mji wa Como, kaskazini ya Italia. Alipokuwa kijana aliingia jeshini, akatumikia Ujerumani akiongoza kikosi cha askari wa farasi. Hata huko hakuiacha kalamu. Aliandika kitabu juu ya namna ya kurusha mkuki mtu akiwa juu ya farasi, kisha akaandika vitabu 20 vya habari za vita baina ya Warumi na Wajerumani. Baadaye alipelekwa Hispania kuangalia fedha za serikali.

Bidii yake katika kusoma ilikuwa ya ajabu. Aliamka usiku wa manane akasoma kwa taa, na kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kwenda kwa Kaisari Vespasianus kupokea kazi za siku. Alipokula alisomewa kitabu, na hata alipokuwa akijifuta maji baada ya kuoga alisomewa. Siku moja msomaji alikosea kutamka neno, na rafiki mmoja akamwamuru alirudie. Plinius akamwuliza rafiki yule kama hakuwa ameelewa. Alipojibu kuwa alielewa, Plinius akamwambia kwamba basi amewapotezea mistari kumi bure. Wanafunzi wenzangu, tukipimwa kwa kipimo hicho, sijui nani kati yetu atapona!

Matunda ya bidii hiyo ni vitabu 37 viitwavyo Naturalis Historia, yaani habari za viumbe na vitu vyote vya ulimwengu. Alikusanya humo mambo 20,000 kutoka kwa waandishi wengi, na akamtolea kazi hiyo Titus, mwana wa Vespasianus. Mambo mengine yaliyomo si ya kweli, lakini watu waliendelea kuvisoma vitabu hivyo kwa karne nyingi.

Mwaka 79 Plinius alikuwa mkuu wa manowari za Kaisari katika bandari ya Misenum, kwenye ghuba ya Naples. Ng'ambo ya ghuba, kama kilometa 30, ulisimama mlima Vesuvius, na chini yake miji ya Pompeii na Herculaneum. Pompeii ilikuwa na baraza lake la madiwani na mahakimu wawili waliochaguliwa kila mwaka. Mwaka 62 tetemeko kubwa liliibomoa sehemu ya miji hiyo, na miaka 17 baadaye majengo mengi yalikuwa hayajatengenezwa. Watu walikwisha kuyazoea matetemeko. Kwa hiyo nchi ilipotikisika tena kwa siku kadhaa, hawakuogopa sana.

Siku mlima ulipopasuka, kama saa saba mchana, dada yake Plinius alimwonyesha wingu la ajabu. Lilipanda juu kama shina refu, kisha likatawanyika kama matawi ya mgunga. Plinius akataka kulitazama kwa karibu, akaamuru mashua nyepesi itayarishwe. Alimwalika mpwa wake, kijana wa miaka 17 kama mimi, lakini kijana akapenda kubaki amalize kazi ya kuandika aliyopewa na mjomba wake.

Plinius alipokuwa anatoka, alipokea barua ya mwanamke aitwaye Rectina, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mlima. Aliomba aokolewe, maana hapakuwa na njia ya kutoka ila kwa bahari. Hapo ndipo Plinius alipobadili shauri. Aliacha mashua, akaamuru merikebu kubwa za makasia zishushwe majini, akapanda mwenyewe. Nia yake ilikuwa kumsaidia Rectina na watu wengine wengi pia, kwa sababu pwani ile ilijaa watu.

Naona jambo hili lafaa kufikiriwa sana. Manowari zile zilikuwa za vita, na mwenye neno la mwisho alikuwa Kaisari, aliyekaa Roma. Kama Plinius angetuma mjumbe kuomba ruhusa, mjumbe angerudi na kukuta miji imekwisha kufukiwa. Plinius hakungoja. Alijua kwamba aliyepewa vyombo na watu amepewa pia wajibu wa kuvitumia raia wakiwa hatarini.

Merikebu zilipokaribia, majivu ya moto na mawe mepesi yenye matundu yakaziangukia, na pwani ikazibwa na vifusi vya mlima. Mshika usukani akamshauri warudi. Plinius akakataa, akaamuru waende Stabiae kwa rafiki yake Pomponianus. Alimkuta ana hofu kuu, amekwisha kupakia mizigo yake chomboni, lakini upepo haukumruhusu kutoka. Ili kumtuliza, Plinius akaoga, akala, akalala usingizi mzito. Usiku ua ukajaa majivu na mawe, karibu kuuziba mlango wa chumba chake. Wakamwamsha, wakatoka wakiwa wamejifunga mito vichwani. Pwani walikuta bahari ingali imechafuka. Plinius akajilaza juu ya kitambaa, akaomba maji mara mbili. Moshi na harufu ya kiberiti vilipozidi, akainuka akiegemea watumwa wawili, akaanguka, akafa. Baada ya siku mbili walimkuta hana jeraha lolote, kama mtu aliyelala.

Mpwa wake na mama yake walikimbia pamoja na watu wa Misenum, wakapona. Baadaye kijana huyo alimwandikia Tacitus, mwandishi wa historia, barua mbili, na kwa barua hizo tunazijua habari hizi. Titus, ambaye wakati huo alikuwa Kaisari, aliteua wakubwa wa kusimamia matengenezo ya nchi ile, na akaamuru mali ya waliokufa bila warithi itumike kuijenga upya miji.

Hata hivyo, ushujaa wa mtu mmoja haukutosha. Tangu mwaka 1980 wachimbaji wamepata pwani ya Herculaneum mifupa ya watu kama 300, wengi wao ndani ya vyumba vya kuwekea mashua. Walifika ukingoni mwa bahari, na joto la mlima likawaua papo hapo. Msaada unaoanza mlima ukiwa umekwisha kupasuka huwakuta wengine wamechelewa.

Mlima Nyiragongo ulipopasuka tarehe 22 Mei 2021 karibu na mji wa Goma, Kongo, mawe yaliyoyeyuka yalifika ukingoni mwa mji. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe, maana wataalamu waliona dalili za moto chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Wengi wakaenda Sake, wengine wakavuka Rwanda. Mlima haukupasuka tena siku zile, na watu wakarudi makwao. Kwa maoni yangu amri ile haikuwa bure. Mtu aliyehama bila sababu anaweza kurudi akanung'unika, lakini wale wa Herculaneum hawakurudi.

Nchi zetu zina milima ya moto, mito inayofurika na pwani zenye dhoruba. Sisi tunaosoma leo, wengine wetu watakuwa madiwani na wakuu wa wilaya. Siku hiyo ikifika, na tumkumbuke Plinius aliyekwenda bila kungoja barua kutoka Roma, na tujitahidi kutoa amri mapema kuliko yeye alivyoweza.

Mwanafunzi, Kidato cha IV